Sista Aliyeninyang'anya Mhuri

Miaka tisa nilikaa nyuma ya kioo cha dirisha la malipo, katika hospitali moja ya binafsi mjini Moshi ambayo sitaitaja, na kwa miaka yote hiyo ni mtu mmoja tu aliyewahi kupenyeza mkono kwenye tundu la kioo kile bila kushika pesa. Alikuwa muuguzi kiongozi wa chumba cha dharura. Sote tulimwita Sista. Jina alikuwa nalo, tena liliandikwa kwenye kibao kifuani pake, lakini sikumbuki kumsikia mtu akilitumia, hata mumewe siku alipomletea mwavuli.

Mimi nilikuwa keshia. Leo nalisema neno hilo kwa sauti ya kawaida, lakini wakati ule nililitamka kama mtu anayetaja ukuu wa wilaya. Nilivaa tai kila siku, hata Februari, mwezi ambao Moshi mjini hakuna anayetaka kitu shingoni. Nilikulia kwenye nyumba za wafanyakazi wa mashamba ya miwa, kwa baba aliyetoka mkoa wa mbali kuja kukata miwa, na katika ukoo wetu mimi nilikuwa wa kwanza kupata kazi ya kukaa. Kiti changu kilikuwa cha kuzunguka. Nilipokosa wateja, nilikizungusha.

Ukutani, kando ya dirisha langu, palikuwa na karatasi mbili. Moja ilikuwa ya serikali, imefifia, ikisema mgonjwa wa dharura ahudumiwe kwanza na mambo ya malipo yafuate. Nyingine niliichapa mwenyewe: LIPIA HAPA KABLA YA HUDUMA. Niliiandika kwa herufi kubwa mara tatu kuliko ile ya kwanza, nikaiwekea plastiki. Mtu akiniuliza ifuatwe ipi, nilimwelekeza kwenye ile iliyo rahisi kusoma.

Chombo changu kikuu kilikuwa mhuri wenye neno IMELIPWA. Bila mhuri huo kwenye fomu, duka la dawa halikutoa hata glovu, na chumba cha upasuaji hakikufunguliwa. Siku yangu ya tatu kazini mafundi wa bati walimleta mwenzao aliyeanguka kutoka juu ya paa. Niliwaomba kianzio. Wakaanza kujipekua mifukoni, mmoja akavua mpaka kofia akatazama ndani yake. Sista akatokea kwenye korido.

"Huyu mnamngojea nini?"

"Kianzio, Sista," nikajibu, nikiwa nimenyoosha tai.

Alipenyeza mkono kwenye tundu la kioo, akauchukua mhuri wangu, akautia kwenye mfuko wa aproni na kwenda zake na mgonjwa. Zamu nzima nilikaa bila mhuri. Watu waliokuja na pesa taslimu niliwaambia wasubiri, na sikuweza kuwaeleza wanasubiri nini. Jioni aliurudisha ukiwa umefutwa kwa spiriti.

"Unaweka wino mwingi," akasema. "Unachafua fomu."

Ndivyo tulivyofahamiana. Baada ya hapo alikuwa akiuchukua mara moja au mbili kwa wiki. Nilijaribu kuufunga kwa kamba kwenye mguu wa meza. Aliikata kwa mkasi wa kukatia bendeji, akanirudishia na kamba yenyewe ikiwa imekunjwa vizuri.

Alikuwa mfupi, amejaa kiasi, na alivaa raba nyeupe za kiume alizozipaka rangi ya viatu kila Jumatatu. Hakutembea haraka. Wauguzi vijana walikimbia na yeye akafika kabla yao, sijui alipitia wapi. Sauti yake ilizoea kuita ng'ombe ng'ambo ya korongo, kwa kuwa kwao ni Mwika, juu huko kwenye migomba na kahawa, na kila mwisho wa juma alipanda kwenda kuhudumia mifugo yake. Akiwa na hasira alihamia Kichagga. Mimi nilielewa nusu tu ya aliyosema, na hiyo nusu ilinitosha.

Watu wanaomzungumzia siku hizi humfanya malaika. Mimi niliyefanya naye kazi najua hakuwa. Mama mmoja aliyekuwa akipiga kelele wakati anashonwa kidole aliambiwa, "Nyamaza, mama, unamwamsha anayeumwa kweli." Kanisani alikosana na mwalimu wa kwaya aliyemwambia sauti yake inawapoteza wenzake, na kwa miaka minne alikaa benchi la nyuma kabisa akiimba kwa nguvu zaidi. Sakafu ikiwa imepigwa deki na wewe ukaikanyaga, hukusalimiwa mpaka mwezi mwingine uandame.

Tena alikuwa mkarimu kwa mali za watu. Kila ndugu wa mgonjwa aliyekaa kwenye benchi alimuuliza, "Umekula?" Akijibiwa hapana, Sista alikuja ofisini kwangu, akachukua chapati zangu mbili kwenye kontena langu la chakula, akaenda kumpa. Yeye mwenyewe alikuwa na mtori kwenye chupa yake ya chai, mtori mzito wa ndizi na nyama uliokuwa ukinukia korido nzima, na huo sikuona hata siku moja akiugawa. Kiti changu cha kuzunguka kilikwenda kwa bibi mmoja aliyeumwa mgongo, hakikurudi kwa wiki mbili. Koti langu la mvua lilitoka na mgonjwa aliyeruhusiwa, likaenda naye, na nadhani mpaka leo linavaliwa huko kwao Uru.

Jambo lililonishangaza kuliko yote ni mayai. Sista aliuza mayai ya kienyeji kwa wafanyakazi, na hakumkopesha mtu hata yai moja. Pesa kwanza, mayai baadaye. Daktari bingwa alimwomba trei moja mpaka mwisho wa mwezi, akakataliwa mbele ya wanafunzi wake. Siku hiyo nilidhani nimempata. Nikamwambia, kwa ule upole wangu wa dirishani, "Sista, kumbe hata wewe unadai kwanza."

Alinitazama kama anayetafuta mshipa wa kuchoma sindano.

"Yai halitokwi na damu," akasema, akaendelea kuhesabu trei zake.

Sasa nimefika kwenye jambo ambalo ningependa liwe limefanywa na mtu mwingine.

Alikuja meneja mpya, kijana kutoka Dar, viatu vyenye ncha, maneno mengi ya mifumo. Aliniita akaniuliza kwa nini wagonjwa wengi wa dharura wanaonekana wamelipa wakati hawajalipa. Ningeweza kumwambia akamuulize Sista. Lakini aliniita "mtaalamu," na mimi tangu nizaliwe hakuna aliyekuwa ameniita hivyo. Nikalala naliwaza neno hilo. Kwa siku tatu nikatengeneza jedwali la kurasa mbili la wagonjwa wote ambao Sista aliwapigia mhuri. Wale ambao hawakuwahi kulipa niliwapaka rangi nyekundu. Wale waliolipa baadaye, wengine kwa kuuza mbuzi, wengine kwa kuchangiwa na jumuiya zao, niliwapaka kijani.

Wa kijani walikuwa wengi zaidi, tena kwa mbali. Lakini kijani nilichokichagua kilikuwa hafifu mno, na mashine yetu ya kuchapia ilikuwa na wino mchache, kwa hiyo kwenye karatasi wa kijani walitoka kama nafasi tupu. Meneja aliona nyekundu tu. Nililigundua hilo nikiwa nimesimama mbele yake, karatasi ikiwa mkononi mwake. Nilikohoa kidogo. Akaniuliza kama nina la kuongeza. Nikasema hapana.

Sista akasimamishwa kazi mwezi mmoja. Siku aliyoondoka alipita dirishani, nami nikainama nikajifanya natafuta kalamu. Alisubiri mpaka nikainuka, maana mtu hawezi kutafuta kalamu milele.

"Shikamoo, Sista."

"Marahaba. Nimeacha trei mbili kwa mapokezi. Wauzie wenzako. Pesa kwanza."

Akaenda. Ile orodha aliijua, na alijua nani aliitengeneza. Hakuna mwingine pale aliyependa rangi kiasi kile.

Wiki ya pili ya adhabu yake, saa nane mchana, pikapu iliyokuwa imebeba nyanya ilirudi nyuma mpaka mlangoni petu. Juu ya makreti, kwenye turubai, alikuwa amelala mwanamke. Mumewe alishuka naye mikononi. Walitoka Kahe. Yule mume alikuwa ametoka moja kwa moja kwenye mfereji wa kumwagilia shamba, miguu imejaa tope mpaka magotini. Mkewe alijifungulia nyumbani asubuhi, mtoto mzima, wamemwacha kwa bibi yake, lakini damu haikukata. Kitenge alichofungwa kilikuwa kimebadilika rangi.

Alimlaza kwenye benchi, akaja dirishani kwangu. Nikamwambia kianzio ni laki tatu.

Akaweka elfu kumi na moja kwenye kibao cha chini ya dirisha. Akaweka na simu yake juu ya zile noti, simu ya batani, betri imefungwa kwa mpira.

"Simu hatupokei," nikamwambia.

"Nina baiskeli nyumbani. Nina vitunguu shambani, bado wiki tatu."

Nikamweleza kwa upole. Upole ndio uliokuwa sifa yangu, meneja alishauandika kwenye tathmini yangu. Nikamwambia anaweza kupiga simu kwa ndugu watume, nikamwandikia namba ya akaunti ya benki kwenye kikaratasi, kwa mwandiko mzuri, nikamsogezea. Alikichukua akakitazama. Sidhani alikuwa anasoma.

"Basi nishikeni mimi," akasema. "Nifungieni hapa mpaka ndugu zangu walete. Yeye mwingizeni."

Sikuwa na fomu ya kushika mtu. Nakumbuka hilo ndilo nililolifikiria: kwamba hakuna fomu. Nyuma yake wauguzi wawili vijana walikuwa wamesimama na machela, wananitazama mimi. Hawakuwa wanamtazama mgonjwa. Tangu Sista aondolewe, kila mtu alikuwa akiutazama mhuri wangu, na kwa mara ya kwanza ukuu huo niliokuwa nautamani nilitaka kumkabidhi mtu mwingine.

Nikampigia Sista. Sitaki mtu adhani nilikuwa shujaa. Nilimpigia kwa sababu nilitaka mtu mzima mwingine awe na hatia pamoja na mimi. Alichukua muda kupokea.

"Niko juu ya ngazi nachuma kahawa. Sema."

Nikamweleza haraka haraka, nikaanza na laki tatu. Akanikatiza.

"Anapumua?"

"Yuko kwenye benchi."

"Sijauliza yuko wapi."

Nikainuka, nikamtazama juu ya kioo. "Anapumua."

"Mkono wako wa kulia mzima?"

"Ndiyo, Sista."

"Basi piga mhuri. Halafu mwambie yule binti mrefu aweke dripu mbili, moja kila mkono, na amwite daktari kwa jina, asiseme tu daktari. Umesikia? Kwa jina."

Nikapiga mhuri. Wa kwanza ulitua kwenye kibao, wa pili kwenye zile noti za elfu kumi na moja, na wa tatu ndio uliokaa kwenye fomu. IMELIPWA. Nilikuwa nampa yule binti mrefu maagizo ya Sista huku napiga, na wauguzi walishaondoka na machela kabla sijauinua.

Halafu nikageuza kibao cha NIMEKWENDA CHAKULA, nikafunga dirisha, nikaenda kujifungia chooni. Nilikaa humo kama dakika arobaini. Wenzangu walidhani nina tumbo, mmoja akanisukumia dawa chini ya mlango. Nikaimeza, kwa kuona aibu ya kuikataa.

Yule mama alipona. Aliongezewa damu, na chupa moja ilikuwa ya mumewe, aliyetoa huku tope likikauka miguuni. Daktari alinipata jioni akaniambia kwa utaratibu tu, kama anayetoa taarifa ya hali ya hewa, kwamba robo saa nyingine ya mazungumzo yangu ya benki ingempeleka yule mtu Kahe na maiti.

Hadithi ingeishia hapo ningetoka vizuri kidogo. Asubuhi yake meneja aliniita.

"Nani aliyekuruhusu—"

"Sista," nikasema.

Alikuwa hajamaliza swali. Nilimkatiza kwenye neno "kuruhusu." Watu husema walishinikizwa, walitishiwa. Mimi sikutishiwa. Meneja alikuwa anakunywa chai, na alikuwa amenikaribisha kiti.

Baada ya wiki ile Sista aliandikiwa barua ya kuachishwa kazi. Ilikuwa imebaki miezi minane astaafu. Mimi nikapandishwa cheo, nikawa msimamizi wa malipo, nikaongezewa tai mbili kwa hiari yangu. Niliendelea hivyo mpaka hospitali ilipoleta mtambo wa kulipa kwa namba kwenye simu, ambao hauhitaji tai, na nikarudishwa nyumbani kwa mkono wa kwaheri na keki. Sasa nina duka la kutoa nakala na kuchapa barua, Njoro, humuhumu Moshi, na gari kuukuu ambalo huwaka likitaka.

Mwaka jana, wakati wa kuchuma kahawa, nilipanda Mwika kumwona. Nilikuwa nimeahirisha safari hiyo kwa miaka minne, kila mara kwa sababu ya gari, hata kipindi ambacho sikuwa na gari. Nimeishi na Wachagga kiasi cha kujua kwamba mtu anayekwenda kuomba radhi hubeba jani la isale, mmea wanaoupanda mipakani mwa mashamba. Nilisimama kando ya ua mmoja wa isale nikaona aibu kulichuma, mimi mtu wa kuja, kana kwamba nitaulizwa kitambulisho. Nikanunua kilo mbili za sukari na mkate.

Nilimkuta nyuma ya nyumba akianika kahawa kwenye wavu. Amepungua mwili, goti moja limegoma kukunjika, lakini raba zilikuwa nyeupe.

"Shikamoo, Sista."

"Marahaba, Keshia. Umenenepa."

Akanipa kigoda. Nikaanza hotuba niliyoiandaa njiani tangu nilipopita Himo. Nikamwambia habari za rangi ya kijani. Nikamwambia nilivyomtaja kwa meneja, kwamba nilimtaja upesi, bila kusukumwa. Nilipofika hapo nikashika mkate.

Aliendelea kuchambua kahawa, akitupa punje mbovu pembeni.

"Nilimpigia meneja siku ileile," akasema. "Ulipokata simu, nikampigia yeye. Nikamwambia nimeagiza mimi, na wewe usiguswe. Ulipomwambia asubuhi alikuwa anajua tayari."

"Kwa hiyo sikukuchongea?"

"Ulinichongea. Ila ulichelewa."

Nilipaswa kufarijika. Badala yake nilijiona mdogo kuliko nilipokuja. Miaka minne nimeubeba usaliti ule kama mzigo mkubwa, nikiamini ndio uliomfukuzisha mtu kazi, na kumbe hata usaliti wangu haukuwa na kazi yoyote duniani. Nikamuuliza kwa nini alifanya vile.

"Wewe ulikuwa na watoto watatu shuleni. Mimi nilikuwa na ng'ombe." Akatupa punje. "Na nilikukasirikia sana, usidhani. Mwaka mzima. Mume wangu alikuwa hataki hata kusikia neno keshia humu ndani."

Mara tulisikia mwanamke akiita kutoka kihamba cha jirani, yaani shamba lake la migomba. Mumewe alikuwa akikata majani ya ng'ombe, panga likateleza likamwingia pajani. Walikuja wakimkokota, watu wawili, na njia nzima ilionyesha walikopita. Sista alikivua kitenge chake cha kiunoni, akakaza juu ya jeraha, akakandamiza kwa mikono miwili.

"Gari lako linawaka?" akaniuliza bila kuinua uso.

Liliwaka. Yeye alikaa nyuma na yule mtu, mikono pajani pake, akimwamuru ataje majina ya watoto wake mmoja mmoja, na akimaliza aanze tena. Niliteremka mlima ule nikipiga honi kwenye kila kona.

Hospitali tuliyofika ilikuwa na binti mapokezi, nadhifu, kalamu sikioni.

"Kianzio ni laki mbili, baba," akaniambia. Sauti yake ilikuwa ya upole sana. Niliifahamu.

"Tunaingia naye kwanza," nikasema. "Andika jina lake. Mimi nabaki hapa na wewe mpaka tumalizane."

"Baba, utaratibu wetu—"

"Naujua, mwanangu. Utanieleza, nitakusikiliza mpaka mwisho. Yeye anaingia."

Niliusukuma mlango kwa mgongo, Sista akapita na machela na muuguzi mmoja aliyekuwa amekwisha kuelewa. Nikarudi nikasimama mbele ya yule binti, nikaweka leseni yangu ya udereva mezani, na elfu sitini niliyokuwa nayo, nikaanza kuwapigia watu simu. Niliogopa vilevile kama zamani, ila safari hii sikwenda chooni.

Baada ya muda Sista alitoka. Damu ilimfika viwikoni. Alisema mshipa umefungwa, anashonwa, ataishi. Yule binti akashusha pumzi, nikaona naye alikuwa ameishikilia muda wote.

Nilisubiri Sista aseme neno moja zaidi. Naungama nilikuwa nimejiandaa kulipokea, nimekwisha kuinamisha kichwa kidogo kwa unyenyekevu.

Alitazama nje, akanitazama mimi.

"Keshia," akasema, "gari lako umeliacha mlangoni. Kaliondoe, umewazibia wagonjwa njia."

Nikaenda kuliondoa.